Kuunda kompyuta ya mezani kwa fedha kidogo: ni sehemu zipi zinunuliwe vizuri sasa, na zipi zisubiri?

msanifu_mchanga

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Nimekusudia kuunda kompyuta ya mezani kwa mikono yangu, kwa kununua sehemu mojamoja, badala ya kuchukua iliyokwisha kufungwa. Fedha niliyo nayo inatosha kupata mashine yenye prosesa ya kiwango cha kati, lakini haitoshi kuongeza kadi nzuri ya michoro kwa wakati huohuo. Skrini, kibodi na kipanya ninavyo tayari, kwa hiyo hesabu yote inahusu kasha na vitakavyokaa ndani yake.

Kazi zangu kwa sasa ni kuandika programu, kuchora majengo kwa vipimo vya pande tatu katika Blender, na kuhariri video fupi. Baadaye ningependa kucheza michezo pia, ila hilo si la haraka. Ninachotaka hasa ni mashine nitakayoiboresha kidogo kidogo kadiri fedha zitakavyopatikana, bila kulazimika kutupa karibu kila kitu kila nitakapotaka kuongeza nguvu.

Nina maswali matatu. Je, nianze na soketi ya AM4 (tundu la kukalia prosesa za AMD) na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, za DDR4, ambazo ni nafuu, au nijikaze nifike kizazi kipya cha AM5 na DDR5? Je, inawezekana kuanza bila kadi ya michoro na kuiongeza baadaye, au huko ni kujidanganya? La mwisho, rafiki yangu ananishauri nichukue kompyuta iliyotumika ofisini, kisha niichomeke kadi ya michoro na kuachana na habari ya kuunda. Hoja yake inavutia kwa bei, lakini sioni mashine ya namna hiyo itakuaje.

FundiBisibisi

Ndugu msanifu, kabla hujalinganisha soketi, zigawe sehemu za kompyuta katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu vitakavyobaki hata mashine ikifanyiwa mabadiliko mara mbili au tatu, yaani pawa saplai inayogawa umeme, kasha na, kwa kiasi kikubwa, ubao mama unaounganisha sehemu zote. Fungu la pili ni la vitu vitakavyoondoka, yaani prosesa, kadi ya michoro na pengine vijiti vya RAM. Wengi wenye fedha kidogo hutumia karibu zote kwenye prosesa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa katika matangazo, kisha humalizia na pawa saplai ya bei ya chini kabisa na ubao mama wowote unaopatikana. Mashine hiyo itakwenda vizuri siku ya kwanza. Siku ya kuongeza kadi ya michoro ndipo itakapoonekana kwamba pawa saplai haina waya wa kuilisha, ubao mama una nafasi mbili tu za RAM na zote zimejaa, na kasha ni fupi kuliko kadi yenyewe. Mwenye nia kama yako anunue prosesa ya wastani, na fungu la kwanza alinunue vizuri.

Pawa saplai nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee inayoweza kuharibu nyingine zote. Alama ya 80 PLUS inayobandikwa kwenye boksi hupima ufanisi tu: kama sehemu za ndani zinahitaji wati 255 na ufanisi ni asilimia 85, basi ukutani zitavutwa wati 300, na tofauti hiyo hugeuka joto. Alama hiyo haikuambii kama kuna kinga dhidi ya umeme kuzidi au waya kugusana, wala haikuambii ubora wa kapasita. Soma jedwali dogo lililo ubavuni na utafute njia ya volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi ya michoro hula huko. Zidisha ampea zake kwa 12. Ukikuta pawa saplai imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini njia ya volti 12 ina ampea 25, fahamu kwamba kilichomo kwa matumizi yako ni wati 300, na hiyo iache hapohapo ilipo.

Kisha hesabu matundu ya umeme ya kadi ya michoro. Nafasi ya PCIe kwenye ubao mama, ambako kadi huchomekwa, huipa kadi hadi wati 75, na waya wa pini 8 huongeza wati 150, kwa hiyo kadi yenye tundu moja la pini 8 ina nafasi ya wati 225. Hiyo inatosha kwa kadi nyingi za kiwango cha kati: RX 6600 imewekewa wati 132, RTX 3060 wati 170, RTX 4060 wati 115. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 au 650, yenye nyaya mbili za pini 8 kwa ajili ya kadi, itakuhudumia kwa miaka mingi na kuvuka hadi kwenye ubao mama mwingine. Chukua mpya yenye dhamana ndefu, hata kama kila kitu kingine utakinunua kikiwa kimetumika. Na ikiwa ni ya nyaya zinazochomoka, usije ukatumia nyaya za pawa saplai nyingine kwa kuwa tu zinaingia, kwani mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya watengenezaji, na mara nyingine hata kati ya modeli za mtengenezaji mmoja. Diski zimeungua kwa njia hiyo.

Kuhusu kasha sina mengi. Liwe linapokea ubao wa micro-ATX au ATX (vipimo vya kawaida vya mbao), uso wake uwe wa wavu unaopitisha hewa badala ya kioo kilichofungwa, na upime urefu wa kadi linaloweza kupokea. Taa za rangi hazina faida yoyote kwako.

Kuanza bila kadi ya michoro kunawezekana kabisa, ila lazima ujue jina la prosesa linasema nini. Ryzen 5 5600 ya AMD haina michoro ya ndani, na ukiinunua bila kadi hutaona chochote kwenye skrini. 5600G inayo. Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa jina, kama katika i3-12100F, humaanisha kwamba michoro ya ndani haipo. Prosesa za Ryzen 7000 za AM5, kama 7600, zina michoro midogo ya ndani inayotosha kazi za kawaida za skrini, isipokuwa zile zenye F kama 7500F. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba prosesa za kundi la G hulipia michoro yao mahali pengine. 5600G ina akiba ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 16 ilhali 5600 ina 32, na hukomea PCIe 3.0 hata ukiiweka kwenye ubao wenye toleo jipya la 4.0. Kwa AM5, 8500G huipa kadi ya michoro njia nne tu za PCIe za kupitishia data. Kwa mtu anayepanga kununua kadi baadaye, 7600 ni mwanzo bora kuliko 8500G, ingawa leo michoro yake ya ndani ni dhaifu zaidi.

Mwinyi_Soketi

Nakubaliana na Fundi kuhusu pawa saplai. Suala la soketi nadhani linastahili mjadala zaidi, kwa kuwa ndilo linaloamua kama mashine itakua au itabaki ilivyo.

AM4 ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mwaka 2022 bado ikapewa 5800X3D, ambayo hadi leo inacheza michezo vizuri sana. Hata mwaka 2024 AMD ilikuwa ikiongeza modeli mpya za soketi hiyo. Ni historia ya nadra, na ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba kila soketi ya AMD ni ya kudumu. Lakini kwa anayeanza leo, mwisho wa AM4 unajulikana: ukianza na viini 6 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), unaweza kupanda hadi viini 16 vya 5950X, na baada ya hapo hakuna njia. Siku hiyo utaacha ubao mama, prosesa na RAM kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR5. Hata mkato wa chini umewekwa mahali tofauti ili kisilazimishwe.

AM5 ilitoka mwaka 2022 na inatumia DDR5 peke yake. Imekwisha kupokea Ryzen 7000, 8000G na 9000, na AMD imetangaza kuiunga mkono hadi 2027 na kuendelea. Kwa hiyo anayenunua ubao mzuri wa B650 na 7600 leo ana sababu ya haki ya kutarajia kwamba miaka kadhaa ijayo atabadilisha prosesa peke yake. Ubao wa A620 ni nafuu zaidi, lakini soma orodha ya prosesa zinazokubaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa, kwa kuwa baadhi ya mbao hizo zimekusudiwa prosesa za wati 65 tu, na ukishachukua wa namna hiyo, soketi ndefu haikusaidii kitu.

Hata hivyo, RAM inavuruga hesabu hii nzuri. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye mahitaji ya vituo vya data vya akili bandia, na DDR4 haikusalimika. Ikiwa fedha yako itakupa gigabaiti 16 za DDR5 au 32 za DDR4 kwa kiasi kilekile, basi kwa Blender na uhariri wa video mimi ningesita kuzikimbia zile 32. Kazi hizo zikimaliza RAM, mfumo huanza kuandika kwenye diski, na hapo ubora wa soketi hauonekani tena. Kama una ndugu au rafiki mwenye vijiti vya DDR4 vilivyobaki baada ya kubadilisha mashine, hilo peke yake linaweza kuamua jambo zima.

Na kuhusu idadi ya vijiti, nisikilize vizuri. Ukiwa na michoro ya ndani, RAM ndiyo kumbukumbu ya michoro pia, kwa hiyo kijiti kimoja cha gigabaiti 16 hukata upana wa njia kwa nusu, na michoro huathirika waziwazi. Nunua viwili. Kwa AM4, chukua ubao wenye nafasi nne, uweke viwili vya gigabaiti 8, na baadaye uongeze viwili vya namna ileile. Kwa AM5 mpango huo haufai: vijiti vinne vya DDR5 vikikaa pamoja, kasi rasmi kwenye Ryzen 7000 hushuka kutoka 5200 hadi 3600. Hapo ni heri kununua mapema jozi ya ukubwa utakaotosha kwa muda mrefu, au kukubali kwamba jozi ya kwanza utaiuza siku ya kupanda. Kwa hiyo nafasi nne za RAM, ambazo Fundi amezigusia, ni faida halisi kwenye AM4 lakini kwenye AM5 ni faida ya kwenye karatasi zaidi.

DadaMhariri

Kaka zangu mmezungumza kana kwamba Intel haipo, na aliyeuliza amesema anahariri video. Naomba nimtetee kidogo.

Prosesa i5-12400, isiyo na F, ina viini 6 na nyuzi 12 (kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja), pamoja na michoro ya UHD 730 ambayo kwa michezo haina maana, lakini ndani yake kuna injini ya Quick Sync. Kamera nyingi za siku hizi hurekodi HEVC (namna ya kubana video) ya biti 10 kwa mpangilio wa rangi wa 4:2:2, na injini hiyo huifungua picha hiyo bila kuilemea prosesa, jambo ambalo kadi nyingi za michoro zenye bei kubwa zaidi haziwezi. Programu ya kuhariri ikiwa inaitumia, utakata video bila kukwama hata kabla hujanunua kadi. Kwa kazi ya video, hiyo ndiyo njia nafuu niijuayo ya kuanza bila kadi, na ukija kuongeza kadi, michoro ya ndani hubaki ikifanya kazi ya kufungua picha.

Soketi yake ni LGA1700, ambayo ilipokea vizazi vya 12, 13 na 14, kisha mwaka 2024 Intel ikahamia LGA1851. Ni soketi iliyofungwa kama AM4, nakubali. Lakini mbao zake zipo za DDR4 na za DDR5, na unaweza kupanda hadi prosesa za i7 zilizotumika. Ukifanya hivyo kwa kizazi cha 13 au 14, hakikisha kwanza ubao una BIOS (programu ya msingi ya ubao) ya baada ya Agosti 2024, kwa kuwa modeli za juu za vizazi hivyo zilikuwa zikipandisha volti kupita kiasi na kuchakaa, na kinga yake ilikuja kwa njia ya maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa. Prosesa iliyokwisha kudhurika hairudishwi na BIOS mpya, kwa hiyo inayouzwa ikiwa imetumika iombee muda wa kuijaribu chini ya mzigo.

Kuna jambo jingine ambalo sikubaliani nalo katika mazungumzo haya. Tunazungumzia kubadilisha prosesa kana kwamba kila mtu hufanya hivyo, ilhali wengi hukaa na prosesa ileile mpaka soketi nzima ipitwe na wakati, na wanachobadilisha kwa kweli ni RAM, diski na kadi ya michoro. Vitu hivyo vitatu huingia kwenye ubao wowote wa kawaida, uwe wa soketi iliyofungwa au iliyo wazi. Asilipie leo, kwa fedha ambayo ni kidogo, uwezekano ambao huenda asiutumie. Kama AM5 inamlazimisha kupunguza RAM au diski, mimi namshauri aiache.

MzeeWaViini

Mwanangu msanifu, wenzangu wameliruka swali lako la tatu, basi hilo niachieni mimi.

Rafiki yako hajakosea kwa jumla. Kompyuta za ofisini kama OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre hutengenezwa imara, huuzwa kwa wingi makampuni yanapobadilisha vifaa, na kwa mtu wa kuandika programu tu, moja yenye Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye ni ununuzi wa busara. Kizazi hicho nakitaja kwa makusudi. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama) na kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitumia Linux, sharti hilo halikuhusu.

Shida ni ukuaji, kama ulivyohisi. Nyingi ya mashine hizo hazifuati ATX. Pawa saplai ina umbo lake, na mara nyingi haina hata ule mkonga wa pini 24, bali ina pini 6 au 8 za mtengenezaji mwenyewe. Ubao mama haukai kwenye kasha jingine, na kitufe cha kuwashia kimeunganishwa kwa namna yake. Kwa hiyo lile fungu la kwanza la Fundi, la vitu vinavyobaki, hapa halipo. Kila sehemu inaitegemea mwenzake, na siku moja ikifa utatafuta ileile. Ukiona mnara mkubwa badala ya lile kasha jembamba, hali ni nafuu kidogo, maana kadi ya urefu wa kawaida inaweza kuingia, lakini umeme unabaki kikwazo.

Kwa kuwa waya wa kuilisha kadi haupo, umefungwa kwenye kadi zinazoishi kwa wati 75 za nafasi ya PCIe. Zipo: GTX 1650 za aina isiyo na tundu la umeme, RTX 3050 ya gigabaiti 6, na RX 6400. Hii ya mwisho ndiyo watu huipenda kwa kuwa ni ndogo na nafuu, na kwako wewe ndiyo ya kuiepuka. Ina njia nne tu za PCIe, na kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 hupungukiwa nguvu inayoonekana. Zaidi ya hapo, haina kabisa kifaa cha ndani cha kubana video, kwa hiyo kila unapotoa video iliyokamilika, kazi yote inairudia prosesa. Kwa Blender, RTX 3050 ya gigabaiti 6 ina faida ya kutumia OptiX, mfumo wa NVIDIA wa kuharakisha utoaji wa picha, ila ukipiga hesabu ya mashine pamoja na kadi hiyo, ule unafuu aliokuahidi rafiki yako unakuwa umeliwa kwa sehemu kubwa.

Jambo la mwisho kwa wanaopenda kuchambua mashine za ofisini ili wapate vipuri: diski utazihamisha bila shida, na RAM za DDR4 utazihamisha ikiwa ni vijiti virefu vya kompyuta ya mezani, si vile vifupi vya kompyuta mpakato vinavyotumika kwenye vijisanduku vidogo. Prosesa za Ryzen PRO zilizotolewa humo zitazame kwa shaka. Baadhi ya watengenezaji huziwekea kufuli ya usalama inayoifunga prosesa kwenye mbao za chapa yao, na ukiiweka kwenye ubao wa kawaida haiwaki.

msanifu_mchanga

Nawashukuru sana nyote, na Mzee wangu, shikamoo. Suala la kompyuta ya ofisini nimelifunga.

Nimepiga hesabu upya kwa kufuata mlivyosema. Nina binamu anayehamia mashine mpya, na amekubali kuniuzia vijiti viwili vya DDR4 vya gigabaiti 16 kila kimoja. Kwa hiyo AM5 nimeiweka kando kwa sasa, na nimebaki kati ya 5600G kwenye ubao wa B550, ambao ni wa AM4, na i5-12400 kwenye ubao wa DDR4. Maelezo ya dada kuhusu video yamenivuta upande wa pili, ingawa ubao wa B550 nimeupata kwa bei nzuri, ukiwa bado kwenye boksi lake tangu zamani.

Naomba mnisaidie mambo mawili yaliyobaki. Diski ninunue ya namna gani ili nisiibadilishe mapema? Na nitakapofika kwenye kadi ya michoro, ambayo bila shaka itakuwa iliyotumika, niikague vipi?

DadaMhariri

Kwa gigabaiti 32 mkononi, mimi nashikilia i5-12400. Kamera yako ikirekodi H.264 ya kawaida ya biti 8, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo na unaweza kufuata bei ya ubao. Ikirekodi ile ya 4:2:2, usisite.

Diski iwe ya NVMe (ya kasi, inayochomekwa kwenye ubao wenyewe) ya terabaiti moja, ya PCIe 3.0 au 4.0, ile unayoipata kwa nafuu. SSD ya SATA, ile inayounganishwa kwa waya, hukomea karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na NVMe ya PCIe 3.0 hufika karibu 3,500. Kuongeza zaidi ya hapo, katika uhariri wa video fupi hutakuona. Hakikisha ubao una nafasi mbili za M.2, ambamo NVMe huingia, na usome kitabu chake, kwa sababu kwenye baadhi ya mbao ukijaza nafasi ya pili, matundu mawili ya SATA huzimwa. Video zilizokwisha zihifadhi kwenye diski ya kuzunguka, ambayo unaweza kuiongeza wakati wowote.

FundiBisibisi

Kuhusu kadi iliyotumika, usikubali kuonyeshwa ikiwa mezani. Iendeshwe mbele yako chini ya mzigo kwa nusu saa, ukitazama joto, ukisikiliza feni na ukiangalia kama skrini inatoa madoa au mistari. Fungua GPU-Z na ulinganishe idadi ya viini na kiasi cha kumbukumbu na takwimu za mtengenezaji, kwa kuwa kuna kadi za zamani zilizobadilishiwa BIOS ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi, na programu hiyo ina uwezo wa kuzibaini nyingi za namna hiyo. Kwamba kadi ilichimba sarafu za kidijitali si sababu ya kuikataa moja kwa moja. Feni na grisi ya kupitishia joto ndivyo vinavyochoka kwanza, na vyote hubadilishwa kwa gharama ndogo. Iliyowahi kufanyiwa ulehemu ndiyo ya kuikataa.

Ule ubao wa B550 ulioupata uchunguze kabla ya kufurahia bei. B550 zilitoka katikati ya 2020, kabla ya Ryzen 5000, na uliokaa kwenye boksi tangu wakati huo unaweza kuwa na BIOS isiyoitambua 5600G. Hapo mashine itawaka feni tu na skrini itabaki nyeusi. Tazama nyuma kama kuna kitufe cha kupakia BIOS kutoka kwenye diski mweko bila prosesa. Kikiwepo, huna wasiwasi. Kisipokuwepo, mwambie muuzaji asasishe mbele yako, au umwachie ubao wake.

Kabla ya kuingiza chochote kwenye kasha, fanya jaribio ubao ukiwa juu ya boksi lake la karatasi: prosesa na kipozeo, vijiti vya RAM kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, mkonga wa pini 24, na ule wa pini 8 wa prosesa ulio pembeni juu, ambao haufanani na wa kadi ya michoro na usiulazimishe ukikataa. Ikiwaka, ingia BIOS na uwashe wasifu wa XMP (mpangilio wa kasi iliyoandikwa kwenye kijiti), maana bila hivyo RAM iliyoandikwa 3200 au 3600 itaendelea kwenda kwa kasi yake ya msingi, ambayo mara nyingi ni ya chini zaidi, na wewe utaanza kuilaumu prosesa. Kisha acha kipimo cha RAM kiendeshwe usiku kucha. Vijiti vya binamu vikiwa na hitilafu, ni vyema mjue kabla hamjamaliziana malipo.